Tuacheni Tukimbie Bure

Hapa Nabuyoga nikipita mbio asubuhi naulizwa maswali mawili. La kwanza: "Dada, nani anakufukuza?" Nikijibu kwamba hakuna, linakuja la pili: "Sasa unakimbilia nini?" Nikisema sikimbilii kitu, nakimbia tu, watu wananitazama kwa huruma. Mzee mmoja anayeuza mihogo pale senta aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu mzima mwenye akili zake anakimbia kwa sababu mbili tu: mvua au mwizi.

Mzee simlaumu. Lakini nataka kubishana naye, na zaidi nataka kubishana na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida letu, na vijana wetu wa kambini pia sitawaacha. Maana mzee wa mihogo na afisa wa mradi hawajawahi kuonana, lakini wanasema neno moja: ati mbio lazima ziwe na sababu. Mzee anataka mvua au mwizi. Afisa anataka kipaji, afya ya akili, amani kati ya jamii, picha ya ripoti. Kijana naye anataka Olimpiki. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ikiingia, raha inatoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nasema hivi: mkimbizi ana haki ya kukimbia bure. Bure kwa maana zote mbili, bila kulipa na bila faida.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu Kiswahili kimetufunga hapo. Kukimbia ni kwenda mbio. Kukimbia pia ni kutoroka. Mwenye mbio anaitwa mkimbiaji, aliyepoteza nyumba yake anaitwa mkimbizi, na mahali alipopata usalama panaitwa kimbilio. Shina ni lile lile. Wengi wetu mara ya mwisho tulipokimbia kwa nguvu zetu zote ni usiku ule. Mguu haujui sarufi, lakini unakumbuka.

Mimi nilikimbia Januari 2008. Tulitoka upande wa Eldoret baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tukavuka Malaba. Wengine walivukia Busia. Tulikuwa maelfu. Tukakaa kwanza karibu na mpaka, kisha tukahamishiwa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo, si mbali na ninapoandika maneno haya. Mwaka huo huo wengi wetu tukapelekwa Kiryandongo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mgongoni.

Sasa fikirieni: mimi ni mzaliwa wa Uasin Gishu, nchi ambayo mabingwa wa dunia wanapita mlangoni kwako alfajiri wakati unawasha moto wa chai. Nimewaona tangu utoto. Na katika siku zile zile tulizotoroka aliuawa Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika mbio za kupokezana vijiti huko Seoul mwaka 1988. Miguu ya Olimpiki haikumwokoa. Kwa hiyo kwangu mimi mbio zilikufa. Kwa miaka mingi sikukimbia hata mvua iliponikuta na nguo zimeanikwa. Nilitembea. Majirani wakacheka, nguo zikalowa, nikatembea.

Aliyeniponya hakuwa mshauri nasaha. Ni binti yangu, akiwa na miaka kama tisa, kule Kiryandongo. Tulikuwa tunarudi kutoka bombani, akaniambia, "Mama, tushindane hadi kwa ule mti." Akaondoka kabla sijajibu. Nikaweka mtungi chini nikamfuata. Nilikuwa nimefika katikati nikagundua kwamba ninakimbia, na nyuma yangu hakuna mtu. Nikaanza kucheka kama mwenda wazimu. Alinishinda, na mtungi nikaukuta umepinduka. Sikujali.

Kutoka hapo tukaanza kikundi. Hatukukiita kikundi. Tulikuwa akina mama kama ishirini pamoja na watoto, jioni jua likipoa, tunakimbia kidogo, tunatembea kidogo, tunasengenya kidogo. Wakenya, Waacholi wa Sudan Kusini, mama wawili kutoka Kongo. Wengine waliva vitenge vimefungwa kiunoni, wengine sketi za shule za binti zao. Hakuna aliyekuwa wa kwanza kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu.

Ndipo shirika moja likatuona. Jina silitaji, na nasema wazi kwamba waliokuja walikuwa watu wazuri, wenye nia njema. Wakatuuliza tunaitwaje. Hatukuwa na jina, wakatupa. Wakaandika majina yetu na namba za kadi. Wakaleta fulana zenye maandishi, bango, filimbi na saa ya kupima mbio. Wakasema tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tutakuwa na mashindano na mshindi atapata godoro. Godoro si jambo dogo kambini, mnajua wenyewe. Basi jioni zetu zikabadilika. Wasichana wenye mbio wakaanza kufanya mazoezi peke yao. Mama mmoja mnene, ambaye ndiye aliyekuwa anatuchekesha kuliko wote, alipimwa kwa saa, dakika zake zikasomwa kwa sauti mbele ya watu, na vijana wakapiga kelele. Siku ya mashindano akaja wa mwisho. Akapigwa picha akivuka mstari, jasho na aibu, na watu wa shirika wakampigia makofi sana, yale makofi ya kumwonea mtu huruma. Hakurudi tena. Baada yake wakaacha wengine, mmoja mmoja. Mradi uliisha Desemba. Mbio zetu zilikuwa zimeisha tangu Juni.

Nimefikiria jambo hili kwa miaka na nimepata jibu moja. Kabla ya ile saa, yule mama hakuwa wa mwisho. Alikuwa nyuma tu, na nyuma ndiko kulikokuwa na hadithi tamu. Saa ndiyo iliyomfanya kuwa wa mwisho. Ukiwapima watu ishirini unapata mshindi mmoja na walioshindwa kumi na tisa, na hao kumi na tisa walikuja wakiwa na furaha yao kutoka nyumbani.

Najua kijana fulani wa Kakuma au Nakivale amekunja uso. "Lakini dada, mbio ndizo zitakazonitoa hapa." Sikudharau, kaka. Nawaheshimu sana waliotangulia. Mwaka 2016 huko Rio ilishiriki timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Walikuwa wanamichezo kumi, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka Kakuma: Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, Yiech Pur Biel, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro. Walifunzwa Ngong chini ya Tegla Loroupe, yule mwanamke aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994. Rose ndiye aliyebeba bendera. Nilitazama kwenye televisheni ya kibanda cha sinema nikalia.

Lakini hesabu ni hesabu. Rio walikwenda 10. Tokyo walikwenda 29. Paris mwaka 2024 walikwenda 37. Michezo yote ukijumlisha, ndondi, judo, kuogelea na mbio, ni nafasi 76 katika Olimpiki tatu, tena kwa wakimbizi wa dunia nzima. Uganda peke yake ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Ukiwa na miguu ya Rose, nenda, tutakushangilia hadi sauti zikauke. Lakini msitujengee sote barabara inayopitisha mtu mmoja. Programu ya mbio inayotafuta bingwa ni kama shule inayofundisha mtoto mmoja na kuwaambia wengine wamshangilie. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mashindano ya kambini ndiyo sakafu yenyewe, na ukingo wake ni tarehe mfadhili anapofunga kitabu.

Na kama mnataka bingwa, mimi nina wangu, tena ni jirani. John Akii-Bua, polisi wa Uganda, mtoto wa Lango. Septemba 1972 huko Munich alikimbia mita 400 za kuruka viunzi katika njia ya kwanza kabisa ya ndani, ile ngumu yenye kona kali, akamaliza kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia, na ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Watu wanakumbuka zile sekunde. Mimi nakumbuka kilichofuata. Alipovuka mstari hakusimama. Aliendelea kukimbia kuzunguka uwanja akiruka viunzi ambavyo hakuna aliyemwambia aviruke. Kazi ilikuwa imekwisha, medali ameipata, na bado anaruka. Hakuna saa iliyompima mzunguko ule. Huko ndiko kukimbia bure.

Miaka saba baadaye, 1979, utawala wa Amin ukianguka, mtu huyo huyo alikimbilia Kenya na familia yake na akajikuta katika kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki, mkimbizi kama wewe na mimi, isipokuwa yeye alivuka kuelekea mashariki na sisi wa 2008 tukavuka kuelekea magharibi. Kampuni ya viatu ya Puma ilisaidia kumtoa, akaenda Ujerumani, na baadaye akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 20 Juni 1997. Tarehe 20 Juni, ndugu zangu! Siku ile ile ambayo leo tunavishwa fulana. Tangu nijue hilo, kila Siku ya Wakimbizi mimi naruka kiunzi kimoja kwa ajili yake. Hapa Nabuyoga kiunzi chenyewe ni kigogo cha mwembe kilichoanguka njiani. Naruka, halafu naenda kupika.

Basi nimesema sana juu ya kisichofaa. Sasa niseme kinachofaa, maana kulalamika bila kuonyesha njia ni kelele. Nilipoolewa nikaja kuishi huku Padhola nilianza tena, na safari hii nilikuwa nimejifunza. Kambi hapa hakuna. Tuko wachache tuliobaki au tuliorudi kutoka kambini: mimi, fundi cherehani mmoja Mkongo, kijana wa Sudan Kusini anayesoma Nagongera, na wenyeji waliotuonea wivu wakajiunga. Jumamosi asubuhi tunafika kumi na wanne. Haya ndiyo tunayofanya.

La kwanza, tunakwenda mwendo wa maneno. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umekwenda mbio sana, punguza. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza kidogo kama unataka. Huu si uvivu wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kocha Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyekuwa amefunza mabingwa wa Olimpiki, aliwachukua wazee wa mjini Auckland, wengine wenye ugonjwa wa moyo, akawaambia wakimbie pole pole wakiongea. Kocha wa Marekani, Bill Bowerman, akaenda kuwatembelea, akaachwa nyuma na mzee mwenye umri mkubwa kuliko wake, akarudi kwao Oregon kuwafundisha majirani zake. Huyo ndiye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Nike. Kwa hiyo kabla ya viatu vya bei kulikuwa na wazee wanaopiga soga. Na wale mabingwa niliowaona Uasin Gishu nikiwa mtoto, wanaanza alfajiri pole pole kama watu wanaokwenda ibada. Mbio kali ni za siku chache. Wanaojiua kwa kasi kila siku ni sisi tusiojua.

La pili, tunatembea bila kuomba msamaha. Kwa anayeanza, tunakimbia mwembe hadi mwembe, tunatembea mwembe unaofuata. Mzee wetu mmoja mwenye magoti mabovu anatembea njia nzima, na anaanza kabla yetu ili tumkute. Kila Jumamosi tunamkuta mahali tofauti, na kila mara anasema sisi ndio tumechelewa.

La tatu, njia. Barabara kubwa ina malori, vumbi na watu wa kukuuliza nani anakufukuza. Sisi tunapita vijia vya miguu kati ya mihogo na mtama, tunashuka hadi karibu na mpunga, tunarudi kwa njia nyingine. Udongo laini hauumizi magoti, na njia ya mzunguko haichoshi kama ile ya kwenda na kurudi. Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga umetoka na jua halijapata nguvu. Giza hatukimbii, hasa wanawake.

La nne, vaa ulicho nacho. Raba za mitumba kutoka soko la Busia zinatosha, mradi kidole kisiguse mbele. Kuna anayekimbia na akala, hajawahi kulalamika. Peku pia sawa kama njia unaijua, ila angalia miiba na funza. Kitenge kikiwa kirefu, kipandishe ukifunge.

La tano ni kubwa, na ninawaomba wa mashirika mlisome mara mbili. Miili yetu inakumbuka. Kwa hiyo kwetu hakuna filimbi. Hakuna kusema "kimbieni!", tunasema "twende". Hakuna kumjia mtu mbio kutoka nyuma kimya kimya. Ukitaka kumpita, ongea kwanza. Njia inasemwa kabla ya kuondoka, kwamba tutapita wapi na kurudi wapi, ili asiwepo mtu anayekimbia bila kujua mwisho. Na mtu akisimama ghafla, hatumuulizi kwa nini. Mmoja anabaki naye. Fundi wetu Mkongo alisimama namna hiyo Jumamosi tatu mfululizo, mahali pale pale, panapoingia migomba mingi. Ya nne akapita. Hakutuambia kitu na hatukumuuliza, ila siku hiyo alitununulia mandazi.

La sita, majirani wawajue. Hili tulilijifunza kwa bei. Yule kijana wa Sudan Kusini siku moja alichelewa kuamka, akawa anakimbia peke yake kutufuata, mrefu, mgeni, suruali fupi. Mtu mmoja akapiga kelele "mwizi!" Mnajua kelele hiyo inafanya nini. Watu walitoka na fimbo na mmoja alikuwa na panga. Aliyemwokoa ni mwendesha bodaboda aliyekuwa akituona kila wiki, alisimamisha pikipiki katikati akawaambia, "Huyu ni wa wale wanaokimbia bure." Nasikia neno hilo mpaka leo. Watu wa huku wanajivunia kwamba neno bodaboda lilizaliwa mpakani kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Mimi nasema siku ile bodaboda alimvusha mtu mpaka mwingine. Kesho yake tulikwenda sote kwa mwenyekiti wa LC1, tukajitambulisha, tukamwonyesha njia zetu. Tangu hapo hakuna anayekimbia peke yake hadi kila mji njiani uwe umemjua.

Mnaona sasa kwa nini nasema jambo hili si mchezo? Mzungu akipita mbio, anafanya mazoezi. Mtoto wa mwenyeji akipita, ametumwa. Mkimbizi akipita, watu wanauliza ameiba nini. Haki ya kukimbia bila sababu ni haki ya kuonekana mtu wa kawaida, na haipatikani kwa kuficha miguu ndani. Inapatikana kwa kupita kila Jumamosi mpaka watu wakuchoke.

Nayajua pia maneno ya wenzangu wa kambini: "Mgao umekatwa na wewe unatuletea mbio?" Ni swali la haki. Mwaka 2025 WFP iliwaondoa karibu watu milioni moja kwenye mgao hapa Uganda kwa kukosa fedha. Mwenye njaa asikimbie. Mgonjwa asikimbie, wala mama aliyejifungua juzi. Kama umekula mara moja tangu jana, kaa kivulini, na mtu akikuambia michezo itakusahaulisha njaa, mwambie alete unga. Lakini nami nina swali. Mbona hatumuulizi hivyo anayeimba kwaya? Mbona watoto wanafunga mpira wa makaratasi wanacheza hata wiki ya njaa, na hakuna anayewaita wajinga? Shida haikufanya tuache kucheka. Ingekuwa hivyo tungekuwa tumenyamaza zamani. Ninachokataa ni kwamba furaha yetu isubiri mpaka kila kitu kiwe sawa. Mimi nasubiri kiwe sawa tangu 2008.

Na kuna haya ya mwisho juu ya hapa tulipo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea. Kuna ndugu zetu katika nchi nyingine ambao miguu yao inaishia penye kizuizi mpaka wapewe kibali. Sisi tunao uhuru huo kwenye karatasi na wengi hatujawahi kuutumia isipokuwa kwenda kupanga foleni. Kukimbia mwendo unaotaka, kugeuka pale miguu inapotaka, hiyo ni sheria imetoka kwenye karatasi ikaingia kwenye udongo.

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, msikasirike. Msaada tunautaka, ila si ule. Acheni saa ofisini. Acheni godoro la mshindi. Kama mna magodoro, wapeni wanaolala chini. Tuleteeni vitu ambavyo havipigi picha nzuri: sidiria imara za wanawake, kwa sababu nusu ya mama zetu hawakimbii kwa sababu hiyo na wanaona haya kusema. Maji mwisho wa njia. Mtu wa kushika watoto kwa saa moja. Kisanduku cha dawa na bandeji. Panda miti ya kivuli kando ya kijia, isawazisheni ile mitaro inayovunja watu vifundo. Halafu kama mnapenda, njooni mkimbie na sisi, bila fulana yenye jina la ofisi, na mkae nyuma. Kwenye fomu yenu, pale panapouliza matokeo, andikeni: walirudi Jumamosi iliyofuata. Mfadhili asipoelewa, mwalikeni naye.

Na ninyi wenzangu, msisubiri wao. Mtafute mtu mmoja mnayeweza kuongea. Chagueni mti. Kimbieni hadi pale, tembeeni hadi unaofuata, mkiongea. Mwisho wake pawe na kitu cha kunywa pamoja, hata uji wa chumvi, maana mbio zisizo na kikao cha baadaye huwa kazi.

Yule mama wa Kiryandongo nilimpigia simu mwaka jana. Nilimwambia tuko kumi na wanne, na wa nyuma ndiye anayechagua njia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na hakuna anayeandika?" Nikamwambia hakuna. Akasema mimi ni mwongo, kwa sababu ananijua napenda kuandika.

Basi nimeandika, lakini dakika za mtu sikuandika. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, pale chini ya mwembe wa senta. Mzee wa mihogo atawaonyesha tulikoelekea. Bado anatuuliza nani anatufukuza, ila siku hizi anauliza akicheka, na juzi alituwekea vipande viwili vya muhogo pembeni, bure.